Maswali ya Wasomaji: Ikoni za Kompyuta Zikiwa Ndogo Mno au Kubwa Kupita Kiasi

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa jambo moja ambalo limejitokeza katika barua kadhaa zilizotufikia, nalo ni ukubwa wa ikoni, yaani zile picha ndogo zilizopangwa kwenye eneokazi, uso wa kwanza tunaoukuta kompyuta inapomaliza kuwaka. Kwa kuwa kompyuta nyingi zinazotumiwa hapa Nairobi zina menyu za Kiingereza, maneno ya menyu nimeyaacha jinsi yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, ili msomaji ayatambue atakapoyaona kwenye skrini yake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa Buruburu. Kwa miaka mingi nilitumia kompyuta ya mezani, na sikuwahi kupata shida ya kuona. Hivi karibuni wanangu walininunulia kipakatalishi kilichokwisha kutumika ng'ambo, kutoka duka moja la Luthuli Avenue. Mashine yenyewe ni nzuri na ina kasi, ila ikoni zake ni ndogo hivi kwamba lazima niinamie skrini ndipo nizitambue. Mjukuu wangu alizikuza, lakini maandishi yaliyo chini yake yakabaki vilevile. Kisha fundi mmoja akabadilisha kitu fulani, vyote vikawa vikubwa, lakini herufi zikaingia ukungu na sasa kichwa kinaniuma nikisoma kwa muda. Je, tatizo ni mashine au ni macho yangu? — Mwalimu mstaafu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuyalaumu macho tuipime skrini kwanza, kwa sababu hesabu yake pekee inatosha kueleza sehemu kubwa ya shida yako. Skrini huundwa kwa nukta, na ikoni ya kawaida ya Windows, ile ya ukubwa wa kati, huchukua nukta 48 kwa upana ikiwa mfumo haujaambiwa ukuze chochote. Skrini nyingi za mezani za inchi 18.5 zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, ambazo ni takribani nukta 85 katika kila inchi, na kwa hiyo ikoni hiyo huwa na upana wa milimita 14 hivi. Vipakatalishi vingi vinavyoingia nchini vikiwa vimetumika ni vya inchi 14 na vina nukta 1920 kwa 1080. Hapo nukta zimebanana hadi kufikia karibu 157 katika kila inchi, na ikoni ileile, yenye nukta zilezile 48, inapungua hadi kutofika milimita 8. Chukua rula uipime na utaona kwamba hukuwa unaota. Mashine yako mpya ina skrini bora kuliko ile ya zamani, na ubora huohuo ndio uliovifanya vitu kuwa vidogo, kwa kuwa aliyeitumia kabla yako, au aliyeitayarisha kwa mauzo, hakuuambia mfumo ukuze vitu kulingana na wingi wa nukta.

Sasa tuje kwa mjukuu na fundi, ambao kila mmoja aligusa mahali tofauti. Kijana alishikilia kitufe cha Ctrl huku akizungusha gurudumu la kipanya juu ya eneokazi, njia ambayo ni ya haraka na haina madhara yoyote, lakini hukuza picha tu, wala haigusi jina lililoandikwa chini ya picha hiyo. Fundi naye alipunguza idadi ya nukta ambazo kompyuta inatuma kwenye skrini. Kwa hilo simuungi mkono hata kidogo, ingawa ndiyo njia ambayo mafundi wengi hukimbilia. Skrini bapa za siku hizi zina nukta zilizojengwa kiwandani na haziwezi kupungua wala kuongezeka. Ukiiambia kompyuta ichore picha ya nukta 1366 katika skrini yenye nukta 1920, kila nukta moja ya picha italazimika kutandazwa juu ya nukta moja na kipande cha nyingine, na kwa kuwa hakuna kipande cha nukta, mfumo hukisia rangi ya katikati. Ukisio huo ndio ukungu unaouona pembeni mwa herufi. Ni kama chai iliyoongezwa maji ili iwatoshe wageni: kikombe kimejaa, lakini ladha imekwenda.

Kwa hiyo anza kwa kuirudisha skrini katika hali yake. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneokazi, uchague "Display settings", ushuke hadi penye "Display resolution", kisha uchague ile idadi ya nukta iliyoandikiwa neno "Recommended" pembeni. Vitu vyote vitarudi kuwa vidogo, lakini usife moyo, kwa maana papo hapo, juu kidogo, pana mahali paitwapo "Scale", na hapo ndipo penye dawa. "Scale" hukuza ikoni, majina yake, menyu na madirisha yote kwa pamoja bila kupunguza hata nukta moja ya skrini, na herufi huchorwa upya kwa ukubwa mpya, zikawa safi. Ukichagua asilimia 150, ikoni yako ya nukta 48 itachorwa kwa nukta 72 na kuwa na upana wa karibu milimita 12. Ukichagua 175 utakaribia kabisa ile ya kompyuta yako ya mezani. Mimi ningeanzia 150, kwa sababu kadiri unavyokuza ndivyo nafasi ya kufanyia kazi inavyopungua, na kwenye 175 baadhi ya madirisha marefu huanza kuficha vitufe vyake vya chini. Mtu mwenye kipakatalishi cha nukta 1366 kwa 768 asithubutu kufika huko. Kwake asilimia 125 ni nyingi tayari.

Ikiwa baada ya hapo unaona picha zinatosha ila majina bado yanakusumbua, fungua "Settings", uingie "Accessibility", kisha "Text size", ambapo kuna kitelezi kinachoyakuza maandishi peke yake hadi asilimia 225. Katika Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Ease of Access". Ikoni zenyewe ziache ziwe za mwisho: bofya tena kitufe cha kulia mahali patupu, nenda kwenye "View", na utakuta saizi tatu, yaani "Large icons" za nukta 96, "Medium icons" za nukta 48, na "Small icons" za nukta 32, zote zikizidishwa kwa ile asilimia uliyoichagua. Ukifuata mpangilio huo, yaani nukta, kisha asilimia, kisha maandishi, kisha ikoni, hutalazimika kurudi nyuma; ukianza na ikoni utajikuta unarekebisha ulichokwisha kurekebisha.

Kuhusu macho, pimwa tu, Mwalimu, lakini kapimwe baada ya skrini kutengenezwa, ili daktari asikupe miwani ya kusomea ukungu wa fundi.

SWALI: Ninasimamia saiba ndogo huko Kayole yenye kompyuta zinazotumiwa na wateja kutwa. Karibu kila siku kuna mashine ambayo ikoni zake zimekuwa kubwa kama sahani au ndogo kama mchele, na mteja huapa kwamba hakugusa kitu. Mwezi wa Juni, watu wanapomiminika kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30, hali huwa mbaya zaidi. Isitoshe, nikizirudisha katika ukubwa wake, hazirudi mahali zilipokuwa. Kuna njia ya kukomesha jambo hili? — Msimamizi wa saiba, Kayole

JIBU: Wateja wako wengi wanasema kweli kwa kadiri wanavyojua. Mtu anayesoma fomu ya ritani na kuiona ndogo hushikilia Ctrl na kuzungusha gurudumu ili ukurasa ukue, jambo ambalo ni halali kabisa ndani ya kivinjari. Akimaliza, hupunguza dirisha huku kidole bado kiko kwenye Ctrl, au hulizungusha gurudumu tena akidhani yungali ndani ya ukurasa, na eneokazi hutii amri ileile. Picha zinaweza kukua kwa njia hiyo hadi nukta 256, ukubwa ambao ikoni chache tu hujaza skrini nzima.

Njia ya haraka ya kurudisha ni kubofya mara moja mahali patupu kwenye eneokazi, kisha kubonyeza Ctrl, Shift na 3 kwa pamoja, na ikoni zitarudi kwenye ukubwa wa kati papo hapo. Ukitumia 2 zitakuwa kubwa, na ukitumia 4 zitakuwa ndogo. Mfundishe hivyo kila anayekusaidia kazi, na shida itakuwa ya sekunde mbili badala ya kuwa kesi. Ikiwa ukurasa wa kivinjari nao umeachwa ukiwa mkubwa, Ctrl na 0 huurudisha kwenye asilimia 100.

Lakini ikiwa ni mashine moja tu inayokusumbua kila mara, basi chunguza kibodi yake kabla ya kumshuku binadamu. Fungua Notepad, uandike herufi p. Ikitokea p, kibodi ni nzima. Ikifunguka ile sanduku ya kuchapisha kwenye karatasi, kitufe cha Ctrl kimenata chini, na kompyuta inaamini kwamba kuna mtu anayekibonyeza muda wote. Zipo Ctrl mbili kwenye kibodi nyingi, na ile ya kulia ndiyo husahauliwa, kwa kuwa ndiyo hulaliwa na faili na bahasha za wateja. Mara nyingi chanzo ni chai ya maziwa yenye sukari iliyomwagika na kukauka. Zima mashine, chomoa kibodi, igeuze chini juu na uigonge kidogo ili makombo yatoke, kisha ng'oa kifuniko cha kitufe hicho taratibu na upanguse pande zake kwa pamba yenye spiriti kidogo, uiache ikauke kabla ya kuichomeka tena. Hayo ni kwa kibodi ya mezani. Ya kipakatalishi vifuniko vyake huvunjika upesi, mwachie fundi.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo bila kuhusisha uchafu wowote. Mteja akibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows humuuliza kama anataka kuwasha "Sticky Keys", na wengi hukubali bila kusoma. Tangu hapo, Ctrl ikibonyezwa mara mbili hubaki imefungwa hadi ibonyezwe tena. Ingia "Settings", "Accessibility", kisha "Keyboard", uizime, na uzime pia ile njia ya mkato ya kuiwasha.

Kwa upande wa mpangilio, ikoni zinapokua huhitaji miraba mikubwa zaidi, hivyo zinazokosa nafasi katika safu yake husukumwa hadi safu inayofuata, na zikipungua mfumo haukumbuki zilikotoka. Ndani ya "View" weka alama kwenye "Auto arrange icons", na zitajipanga zenyewe kutoka kushoto daima, ingawa utapoteza uhuru wa kuziweka upendapo. Kwa saiba nadhani hilo ni faida.

Mwisho, ukubwa wa ikoni huhifadhiwa kwa kila akaunti ya mtumiaji kivyake. Wafungulie wateja akaunti yao isiyo na mamlaka ya usimamizi, nawe ubaki na yako yenye nenosiri, na chochote watakachokikuza huko hakitaonekana kwako. Akaunti hiyo iwe pia mahali pa kufutia nakala za vitambulisho na vyeti vya PIN ambavyo wateja huviacha kwenye eneokazi, kwa sababu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hilo si suala la usafi tu.

SWALI: Ikoni zangu zote zimetoweka, na mtu mmoja mjini ameniambia kwamba ni virusi na kwamba lazima kompyuta ifomatiwe kwa malipo. Mandhari ya picha ya nyuma bado ninaiona, na programu zinafunguka kutoka chini. — Msomaji, Umoja

JIBU: Usilipe bado. Bofya kitufe cha kulia mahali patupu, nenda kwenye "View", utazame kama "Show desktop icons" ina alama ya vyema. Ikiwa haina, ibofye, na zote zitarudi zilivyokuwa. Alama hiyo iko kwenye menyu ileile ya ukubwa wa ikoni, mistari michache tu chini yake, ndiyo maana watu huiondoa kwa bahati mbaya wakijaribu kukuza picha. Faili zako hazikwenda popote, zilifichwa tu.

SWALI: Ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya Upper Hill, na kipakatalishi changu kimeunganishwa na skrini kubwa ya mezani. Ikoni zikiwa sawa kwenye kipakatalishi, huonekana kubwa mno nikizihamishia kwenye skrini ya pili. Nikizipunguza huko, huku hazisomeki. — Karani, Upper Hill

JIBU: Umekuwa ukirekebisha mahali pasipofaa. Ukubwa unaouchagua kupitia "View" au kwa gurudumu ni mmoja kwa eneokazi lote, hata kama limetandazwa kwenye skrini mbili. Kinachoweza kutofautiana ni asilimia ya "Scale", ambayo tangu Windows 8.1 iliyotoka mwaka 2013 kila skrini inaweza kuwa na yake. Fungua "Display settings", na juu utaona mistatili miwili yenye namba 1 na 2. Bofya 1, uweke asilimia yake. Bofya 2, uweke yake. Kwa kipakatalishi cha inchi 14 na skrini ya mezani ya inchi 24, zote mbili zikiwa na nukta 1920 kwa 1080, jaribu 150 kwa ya kwanza na 100 kwa ya pili, na ikoni zitakaribiana sana kwa ukubwa halisi. Programu za zamani huenda zikaonekana na ukungu zikivutwa kutoka skrini moja hadi nyingine. Toka kwenye akaunti yako na uingie tena, na nyingi zitatulia.

SWALI: Nina MacBook, na mwenzangu chuoni anatumia Ubuntu. Maelezo yote tunayoyapata ni ya Windows. — Mwanafunzi, Parklands

JIBU: Kwako wewe, bofya mahali patupu kwenye eneokazi, kisha ubonyeze Command na J. Litafunguka dirisha dogo lenye kitelezi cha ukubwa wa ikoni kutoka nukta 16 hadi 128, kitelezi kingine cha umbali kati ya ikoni, na mahali pa kuchagua ukubwa wa maandishi ya majina. Apple wameyaweka yote matatu katika dirisha moja, mpango ambao naupenda kuliko wa Windows. Ikoni za Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984, ambazo Susan Kare alizichora, zilikuwa za nukta 32 kwa 32 katika rangi nyeusi na nyeupe tu, na hazikuwa na kitelezi chochote.

Mwenzako afungue "Settings", atafute sehemu ya "Appearance", ambayo katika matoleo mapya zaidi inaitwa "Ubuntu Desktop", na chini ya "Desktop Icons" atachagua ukubwa autakao.

SWALI: Je, ikoni kubwa huifanya kompyuta kuwa nzito? — Msomaji, Kawangware

JIBU: Hapana.

SWALI: Binti yangu wa miaka kumi na miwili ana uoni hafifu, na hata ikoni kubwa za "Large icons" hazimtoshi. Anatumia kompyuta ya Windows kwa kazi za shule. Nifanye nini? — Mzazi, Lang'ata

JIBU: Mzazi mwenzangu, anza kwa kupunguza idadi kabla ya kuongeza ukubwa. Bakiza kwenye eneokazi zile programu nne au tano anazozitumia kila siku, nyingine zote uziweke ndani ya folda moja, kisha ushikilie Ctrl na kuzungusha gurudumu hadi picha zifikie ukubwa anaoupenda yeye, wala si ule unaokuridhisha wewe unayetazama ukiwa nyuma yake. Ikoni za programu za kisasa huwa na michoro ya saizi kadhaa ndani ya faili moja, ukiwemo wa nukta 256, na hivyo zitabaki safi. Zile za programu za zamani zenye mchoro wa nukta 32 au 48 pekee zitakuwa na kingo za ngazi ngazi au zitabaki ndogo katikati ya nafasi yake. Hilo si kosa la macho yake wala la skrini. Chagua pia picha ya nyuma yenye rangi moja iliyokolea, kwa sababu ikoni iliyowekwa juu ya picha ya maua hupotea hata kwa mwenye macho mazima.

Baada ya hapo mfundishe kutumia kikuza skrini cha Windows, ambacho hakihitaji kununuliwa. Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hukiwasha na kukuza zaidi, alama ya kutoa hupunguza, na Windows pamoja na Esc hukizima. Kinaweza kukuza hadi asilimia 1600. Watoto wengine hupenda skrini nzima ikue, ambayo ni Ctrl, Alt na F, na wengine hupenda lenzi inayofuata kipanya, ambayo ni Ctrl, Alt na L; mwache ajaribu zote mbili kwa siku chache kabla ya kuamua. Akishazoea, ingia "Settings", "Accessibility", kisha "Magnifier", uweke kianze chenyewe kila anapoingia kwenye akaunti yake, ili asilazimike kukitafuta kikuza hicho kwenye skrini ambayo bado haisomeki kwake.